Giaboksi ya Otomatiki Inayosumbua Mara Moja Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hitilafu za Umeme

Majibu haya yanahusu magari ambayo giaboksi yake ya otomatiki inaongozwa na kompyuta, yaani karibu magari yote madogo ya otomatiki yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, pamoja na yale ya Ulaya. Yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kuielewa kazi kabla ya kuilipia, na kwa fundi ambaye ameshachoka kurudishiwa gari lile lile kila wiki. Msimamo wetu ni mmoja tangu mwanzo: hitilafu inayokuja na kuondoka hainaswi kwa kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine, bali kwa kupima wakati ule ule inapotokea, na maswali mengi hapa chini yanahusu namna ya kuifanya itokee mbele ya kipimo.

Nitajuaje kama tatizo ni la umeme na si la giaboksi yenyewe?

Kwa hakika kamili hutajua kabla ya kupima, lakini zipo dalili zinazoelekeza. Klachi za ndani zikilika, gari huteleza kwenye gia ile ile siku zote, hali huzidi kuwa mbaya wiki hadi wiki, na oili mara nyingi hugeuka nyeusi na kunuka kuungua. Hitilafu ya umeme huja ghafla, huondoka ghafla, na mara nyingi huambatana na jambo jingine ambalo dereva hakulitilia maanani: taa ya P au D kwenye dashibodi imezimika kwa muda mfupi, mshale wa spidi umeanguka ukarudi, au gari limekataa kuwaka kwenye P likakubali kwenye N. Gari linaloponea kwa kuzimwa na kuwashwa upya nalo linaashiria umeme.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Vali inayonata oili ikishapata moto nayo huja na kuondoka, na haina uhusiano wowote na waya. Ndiyo maana hatumshauri mtu kutoa hukumu kwa kuendesha tu, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi.

Kwa nini gari hukwama kwenye gia moja, kisha nikilizima na kuliwasha linakuwa zima?

Kompyuta ya giaboksi, ambayo mafundi wengi huiita kontrolo boksi, hubadilisha gia kwa kupeleka umeme kwenye solenoidi, nazo hufungua na kufunga njia za oili. Ikikosa ishara inayoiamini, kwa mfano mwendo wa shafti umesomeka sifuri wakati gari linakimbia, huacha kupeleka umeme huo ili kuilinda giaboksi. Vali hurudi pale zinaposukumwa na springi zake, na gari hubaki na gia moja ya kwenda mbele pamoja na rivasi. Gia inayobaki hutegemea muundo: kwenye giaboksi ya Mercedes-Benz ya 722.6 ukishazima na kuwasha huku hitilafu ikiwa bado ipo, utapewa gia ya 2 na rivasi tu, ilhali giaboksi nyingine hubaki kwenye gia ya 3 au ya juu zaidi.

Ukizima injini, kompyuta huanza ukaguzi wake upya. Ikiwa wakati huo waya umegusana vizuri, haioni kosa lolote na hukurudishia gia zote. Gari kuwa zima baada ya kuwashwa si ushahidi kwamba limepona.

Ikitokea nikiwa barabarani kuu, nifanye nini?

Usikanyage mafuta kwa hasira ukidhani utailazimisha gia ibadilike. Punguza mwendo, washa taa za dharura, toka barabarani mahali salama, weka P, zima swichi, subiri kama nusu dakika, kisha washa. Kama gia zimerudi, endelea kwa mwendo wa wastani. Kama hazikurudi, gari linaweza kwenda taratibu masafa mafupi, lakini kupanda mlima mrefu likiwa limekwama kwenye gia ya juu kunaichemsha oili kwa sababu konveta, yaani kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inateleza muda wote. Hapo ni bora kuliita gari la kuvuta.

Je, nichomoe betri ili kompyuta isahau kosa?

Usichomoe. Hili ndilo jambo linaloharibu uchunguzi kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndilo la kwanza kufanywa chini ya mwembe. Kwenye magari mengi kuchomoa betri kunafuta namba za hitilafu, kunafuta kumbukumbu ya hali ya gari wakati kosa lilipotokea, na vilevile kunafuta marekebisho ambayo kompyuta ilijifunza kulingana na uchakavu wa klachi. Matokeo yake gari linaweza kugonga kwenye kila gia kwa muda, na sasa unazo dalili mbili, moja ya kweli na nyingine uliyoitengeneza mwenyewe.

Nimwandikie fundi mambo gani?

Andika hali, na achana na majina ya vipuri unavyovishuku. Injini ilikuwa baridi au imeshapata moto? Mvua ilikuwa inanyesha, au gari lilikuwa limetoka kuoshwa? Ulikuwa unapita kwenye matuta, unakata kona, unarudi nyuma, unafunga breki? AC na taa kubwa zilikuwa zinawaka? Taa ipi iliwaka au kumweta: kwenye Toyota na Nissan nyingi za zamani ni taa ya O/D OFF inayomweta, kwenye Honda ni ile ya D, na kwenye Subaru taa ya joto la oili ya giaboksi humweta gari linapowashwa kama kuna kosa lililohifadhiwa. Picha ya video ya dashibodi, iliyochukuliwa na abiria na si dereva, ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Majibu hayo yanapunguza eneo la kutafuta. Kosa linalotokea kwenye matuta na kona linatupeleka kwenye soketi na waya zinazocheza. Linalotokea baada ya dakika ishirini za foleni linatupeleka kwenye vitu vinavyopata moto. La siku za mvua linatupeleka kwenye swichi na soketi za chini ya gari.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari imetoa namba ya hitilafu. Je, hicho ndicho kipuri cha kununua?

Hapana. Namba inataja saketi, na saketi ni kompyuta, waya wa kwenda, soketi mbili tatu, kifaa chenyewe na waya wa kurudi. P0753 inasema umeme wa solenoidi ya A hauko sawa. Haisemi solenoidi imekufa. P0705 inahusu saketi ya swichi inayoeleza mkono wa gia uko wapi, P0715 sensa ya mwendo wa shafti ya kuingilia, P0720 ya kutokea, P0743 umeme wa klachi ya konveta. P0700 peke yake haina maana yoyote zaidi ya kwamba kompyuta ya giaboksi imeiomba ile ya injini iwashe taa, kwa hiyo fundi anayekuletea P0700 na kuishia hapo hajasoma kompyuta inayohusika.

Angalia pia namba zilizokaa pamoja. P0562 inayosema volti za gari ziko chini, ikifuatana na namba tatu za solenoidi tofauti, haiwezekani kumaanisha kwamba solenoidi tatu zimekufa siku moja. Hapo kuna kitu kimoja zinachokitegemea zote, nacho ni umeme unaoingia au ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri. Vivyo hivyo U0101, yaani kompyuta nyingine zimekosa mawasiliano na ile ya giaboksi, mara nyingi ni kompyuta iliyozimika kwa kukosa umeme kwa muda mfupi.

Mashine haikuona kosa lolote. Je, hakuna tatizo?

Kompyuta huhifadhi kosa pale tu linapotimiza masharti iliyowekewa, kwa mfano lidumu kwa muda fulani au lijirudie kwenye safari ya pili. Kosa la sehemu ndogo ya sekunde huweza kuligongesha gari bila kuandikwa popote. Aidha, mashine ndogo za bei rahisi husoma kompyuta ya injini tu, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayafuati sikuzote utaratibu ambao mashine hizo zinaujua. Kabla ya kukubali jibu la "hakuna kosa", uliza mashine imeingia kwenye kompyuta ipi.

Fundi aanzie wapi?

Aanzie kwenye betri, alternata na ethi, kabla hajafungua kitu chochote cha giaboksi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, alternata nyingi hutoa kati ya 13.8 na 14.5, na wakati wa kupiga stata volti zikishuka chini ya 9.6 kuna jambo la kushughulikia. Multimita ikiwekwa kwenye umeme geu (alama ya AC kwenye mita) na kushikwa kwenye betri, usomaji unaozidi nusu volti unaonyesha kwamba diodi za alternata zina walakini, na mawimbi hayo huvuruga ishara ndogo za sensa.

Baada ya hapo zipimwe ethi, na hapa ndipo kazi nyingi hukosewa. Kupima ethi kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani, gari likiwa limezimwa, hakusaidii sana. Waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja bado husoma sifuri kwenye mita, kwa kuwa mita inapitisha umeme kidogo mno. Kinachotakiwa ni kupima volti zinazopotea huku saketi ikifanya kazi: injini inaunguruma, taa kubwa na feni zimewashwa, pini nyeusi ya mita ipo kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, na nyekundu ipo kwenye bodi ya giaboksi, kisha kwenye pini ya ethi ya kompyuta. Kwenye pini ya kompyuta tunataka isizidi 0.1. Ikisoma 0.6, kompyuta inaiona dunia yote ikiwa imepanda kwa kiasi hicho, na sensa zinazopimwa kwa volti tano zinaweza kusomeka vibaya.

Bolti ya ethi huonekana nzima kwa juu. Ifunguliwe, na chini ya temino, yaani kichwa cha chuma cha waya, mara nyingi patakutwa rangi iliyopakwa gari lilipotengenezwa bodi, au kutu ya ukanda wa pwani. Magari ya Tanga, Mombasa na Unguja yanastahili hatua hii hata kama dalili zinaelekeza kwingine.

Solenoidi zimepimwa zikaonekana nzima. Mbona gari bado linasumbua?

Kwa sababu zimepimwa zikiwa baridi, pengine zikiwa mezani. Tuchukue giaboksi za Toyota za U340E na U341E, zilizofungwa kwenye baadhi ya Yaris na Corolla. Solenoidi za kubadilisha gia huwa na omu 11 hadi 15 kwenye nyuzijoto 20, na ile ya presha inayoitwa SLT huwa na 5.0 hadi 5.6. Shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Solenoidi ya omu 13 kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 16.5 oili ikifika nyuzi 90, na hilo ni la kawaida kabisa. Kisicho cha kawaida ni kusoma omu elfu kadhaa, au kutosoma kabisa, kisha kurudi sawa ikipoa: huo ni uzi uliokatika ndani ya koili na unaoachana unapotanuka.

Kwa hiyo pima ikiwa baridi, endesha gari hadi oili ipate moto, pima tena papo hapo kupitia soketi ya nje ya giaboksi, na andika namba zote mbili. Solenoidi mbili za aina moja zinapaswa kupanda kwa kiasi kinacholingana.

Kisha fikiria kilichopo kati ya kompyuta na solenoidi. Kwa volti 12 na omu 13 unapata ampea 0.92. Soketi chafu ikiongeza omu 5 tu, umeme unashuka hadi 0.67, na solenoidi inaweza kufunguka asubuhi lakini ikakataa mchana. Omu tano kwenye saketi nzima ni vigumu kuzigundua kama hujui unatafuta nini. Njia tunayoipendelea ni kuchomoa soketi pande zote mbili na kuupitishia waya ule ule umeme wa betri kupitia balbu ya wati 21, inayovuta karibu ampea 1.75. Waya mzima utaiwasha kwa mwanga kamili. Waya mbovu utaonyesha mwanga hafifu au unaomweta ukitikiswa. Jaribio hili ni la waya uliochomolewa tu, wala usilifanye ukiwa umeunganishwa na kompyuta.

Hitilafu inatafutwaje ikiwa haijitokezi gereji?

Ilazimishwe kujitokeza, na kipimo kiwe tayari kinarekodi. Mashine yenye uwezo wa kuhifadhi data kwa wakati iwekewe mambo machache tu, kwa kuwa ukichagua mengi usomaji unakuwa wa polepole: mwendo wa shafti ya kuingilia, mwendo wa kutokea, gia iliyoamriwa, nafasi ya mkono wa gia, joto la oili na volti. Halafu mtu mmoja atazame skrini na mwingine afanye kazi kwenye waya.

Tikisa soketi moja kwa wakati mmoja, ukianzia kwenye giaboksi na kupanda juu kuelekea kwenye kompyuta. Vuta waya mmoja mmoja kwa upole nyuma ya soketi, kwa kuwa ganda la waya huweza kubaki zima huku shaba ya ndani imekatika. Pasha joto soketi au kompyuta kwa draya ya nywele. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya bomba kwenye kifurushi cha waya, usimwage ndoo. Sehemu za kuzipa muda zaidi ni chini ya kikalio cha betri ambako asidi hudondokea waya, kwenye mabano ya chuma yanayosugua kifurushi, na mahali waya zinapovuka kutoka kwenye injini inayotikisika kwenda kwenye bodi isiyotikisika.

Data yenyewe husema mengi ukiitazama kama mchoro wa mstari. Shafti nzito inayozunguka mizunguko 2,000 kwa dakika haiwezi kusimama na kuanza tena ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo mstari ukianguka wima hadi sifuri na kurudi wima, ni ishara iliyokatika, wala si klachi. Klachi inayoteleza huchora mteremko: mwendo wa kuingilia unapanda taratibu huku wa kutokea ukibaki pale pale. Tofauti hiyo ya mstari wima na mteremko imewaokoa wengi wasishushe giaboksi bure.

Soketi ikishapatikana kuwa ndiyo mkosaji, usiishie kuichomoa na kuirudisha. Chukua pini dume mpya ya ukubwa ule ule, ichomeke kwenye kila tundu jike, na uivute taratibu. Kila tundu linapaswa kuing'ang'ania kwa nguvu inayofanana. Utalikuta moja ambalo pini inatoka bila kushikwa, midomo yake imetanuka, na pembeni kuna unga mweusi wa kusuguana au ukungu wa kijani. Mara nyingi kilichoitanua ni sindano nene ya mita ya fundi aliyetangulia. Kwa sababu hiyo hiyo hatuungi mkono kutoboa ganda la waya ili kupima: tundu dogo la sindano huingiza maji, na baada ya msimu mmoja wa masika una hitilafu ya pili.

Swichi ya nafasi ya gia husumbuaje?

Swichi hii, ambayo wengi huiita inhibita, imefungwa nje ya giaboksi na hupokea matope, maji na mvuke wa mashine ya kuoshea. Ikichafuka ndani, kompyuta huona P na D kwa pamoja, au haioni chochote. Dalili zake ni taa ya nafasi inayopotea, taa za rivasi zisizowaka, na stata inayokubali ukiusukuma mkono wa gia mbele kidogo. Usogeze mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L huku ukitazama data. Kabla ya kununua nyingine, hakikisha haijalegea na kupinda. Swichi nyingi zinahitaji kurekebishwa kwenye alama ya N tu.

Mkono wa gia ukikwama kwenye P na ukakataa kabisa kutoka, hilo kwa kawaida ni jambo jingine: tazama kama taa za breki zinawaka, kwani swichi ya pedali ikifa kufuli ya mkono haifunguki.

Na sensa za mwendo?

Zile za waya mbili hutengeneza umeme wake zenyewe kwa sumaku, na nyingi za Toyota za aina hiyo husoma kati ya omu 560 na 680 zikiwa baridi. Zichomolewe na kuangaliwa ncha, kwa maana unga wa chuma unaoganda kwenye sumaku hudhoofisha ishara. Waya zake husokotwa pamoja ili zisipokee kelele za umeme, kwa hiyo ukitengeneza sehemu iliyokatika, zisokote tena kama zilivyokuwa.

Nimeambiwa Mercedes yangu ina "oili kwenye kompyuta". Je, inawezekana?

Inawezekana kabisa, na ni ugonjwa unaojulikana wa giaboksi ya 722.6, ya gia tano, iliyoanza kufungwa kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1996 na baadaye ikatumiwa pia na Chrysler na SsangYong. Pembeni mwa giaboksi kuna soketi ya mviringo yenye pini 13, nayo hupita kwenye bushi ya plastiki yenye oringi mbili, yaani pete za mpira za kuzuia oili. Oringi zikikakamaa, oili huingia kwenye soketi, na kutoka hapo hupanda katikati ya nyuzi za shaba na ganda la waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, hadi kufika kwenye kompyuta iliyo juu zaidi kuliko giaboksi.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Funga breki, inua gari na uliweke kwenye stendi, zungusha pete ya kufunga soketi na uivute. Ndani panapaswa kuwa pakavu. Kukiwa na wekundu wa oili kati ya pini, nenda ukachomoe soketi upande wa kompyuta na utazame pini zake pia. Bushi yenyewe ni kipuri cha bei ndogo. Kinachogharimu ni kuchelewa. Baada ya kuibadilisha, safisha soketi zote mbili kwa dawa ya umeme inayokauka, na urudie baada ya siku kadhaa, kwa sababu oili iliyobaki ndani ya waya itaendelea kutoka.

Kuna mtego mmoja kwenye giaboksi hiyo. Sensa ya joto la oili imeunganishwa mfululizo na swichi inayozuia stata, na swichi hiyo huwa imefunguka kwenye P na N. Anayeipima gari likiwa kwenye P ataona saketi imekatika na kuhukumu bamba zima la umeme la ndani kuwa bovu, ilhali ndivyo lilivyotengenezwa.

Je, kompyuta yenyewe inaweza kuwa mbovu?

Ndiyo, ingawa tunaiweka mwisho. Mfano maarufu ni RAV4 za miaka ya 2001 hadi 2003 za soko la Marekani, ambazo zilianza kugonga kwenye gia kwa sababu ya kompyuta ya injini inayoongoza pia giaboksi. Wapo walioshusha giaboksi nzima kabla ya kugundua hilo, na Toyota iliongeza muda wa dhamana ya kompyuta hizo. Tatizo la namna hii hupatikana kwa joto na baridi: kompyuta ikipashwa gari linagonga, ikipoa linatulia, huku umeme unaoingia na ethi zake zikiwa zimethibitishwa kuwa nzima.

Kabla ya kununua iliyotumika Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), linganisha namba yote iliyoandikwa kwenye kibandiko, herufi hadi herufi. Boksi linalofanana kwa umbo linaweza kuwa la gari lenye injini nyingine, na baadhi hufungamana na funguo za gari lilikotoka kiasi kwamba gari lako halitawaka.

Alamu, kifuatiliaji na kidhibiti mwendo vinahusika?

Vinahusika mara nyingi kuliko wafungaji wanavyopenda kukiri. Waya zake huunganishwa kwa kumenya waya wa gari, kusokota na kufunga solotepu, na kwenye joto la dashibodi gundi ya solotepu huyeyuka ndani ya muda mfupi. Kifuatiliaji kikichukua umeme kwenye waya unaolisha kompyuta ya giaboksi, au kidhibiti mwendo kikidakia ishara ya sensa ya mwendo, matokeo ni haya tunayoyazungumzia. Kama hitilafu ilianza miezi michache baada ya kufungwa kifaa, anzia hapo.

Panya nao wasisahaulike kwa gari linalolala nje siku nyingi.

Kubadilisha oili ya giaboksi kutaondoa tatizo?

Tatizo la waya, hapana. Badilisha kama muda wake umefika, kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji, wala usikubali "haidroliki" yoyote iliyopo dukani. Giaboksi za CVT, yaani zile zisizo na gia za hatua, hasa hazivumilii oili ya kawaida.

Waya uliopatikana na hitilafu utengenezwe vipi?

Kata sehemu yote iliyogeuka nyeusi au kijani mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga kwa waya wenye unene ule ule, bana kwa kiungio kinachofaa au lehemu kwa risasi, kisha funika kwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani. Kiungio kisiwekwe mahali waya unapopinda, na viungio vya waya zinazopakana visikae sambamba. Pini iliyotanuka ibadilishwe. Kuibana kwa koleo hudumu kwa siku chache tu. Msasa usitumike kwenye pini za dhahabu au bati kwani unaondoa mipako yake.

Nitajuaje kama limepona kweli?

Kwa kurudia mazingira yale yale yaliyoandikwa mwanzoni. Kama kosa lilitokea oili ikiwa imepata moto kwenye foleni, gari lipelekwe kwenye foleni na mashine ikiwa inarekodi. Kama lilitokea kwenye mvua, lisubiri mvua au linyunyiziwe. Namba za zamani zifutwe kwa mashine, baada ya kuandikwa pembeni, na zisomwe tena baada ya safari kadhaa zenye kuwasha injini ikiwa baridi. Fundi akupe vipimo viwili vya sehemu aliyoitengeneza, kabla na baada: kwa mfano volti zilizopotea kwenye ethi zilikuwa 0.6 na sasa ni 0.04. Akikuambia tu kwamba "sasa liko poa", mwombe airudishe mita mahali alipopima na akuonyeshe usomaji huku injini ikiunguruma na taa zimewashwa.